"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe": nimemtukana kijana au nimemheshimu?

#1 MamaMitumba (Katwe)

Habari zenu wote. Kuna methali moja inaninyima usingizi, naomba wanaoijua vizuri wanisaidie.

Mimi nauza mitumba soko la Owino, hapa Kampala. Mume wangu ni wa Beni, Kongo. Mimi ni mzaliwa wa Kasese. Tunakaa kwenye muzigo, chumba kimoja na pazia katikati. Wiki tatu zilizopita mtoto wa kaka yake mume wangu alivuka mpaka pale Mpondwe akaja kwetu. Ana miaka 19. Nilimpokea kwa moyo wote, siku ya kwanza nilipika wali na samaki, nikamtandikia mkeka upande wa watoto wangu.

Jumapili jioni nilikuwa na furaha kwa sababu nilikuwa nimempatia kibarua kwa jirani yangu sokoni, kazi ya kufungua marobota na kuchambua nguo. Nikamweleza, na kwa kumtia moyo nikaongeza: "Wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

Alinyamaza. Alikula kidogo sana. Asubuhi alikunja mkeka, akaniambia "asante Mama mdogo", akaenda kulala kwa vijana wenzake Nsambya. Jumatatu usiku mama mkwe akapiga simu kutoka Beni: nimemfukuza mtoto wao kwa methali.

Mimi nilikua nikidhani hiyo ni methali ya heshima, kwamba unampa mtu kazi kwa sababu unamthamini. Asili yake ni nini hasa? Ni ya kukaribisha au ya kufukuza?

#2 DerevaWaTrela

Maana iko wazi kabisa. Siku mbili unakula, ya tatu unashika kazi. Kijana wa miaka 19 amekaa wiki tatu. Mama, wewe umechelewa siku 18!

Tusi liko wapi? Ungemwambia aondoke bila kumtafutia kazi, hapo ningekuwa upande wa mama mkwe.

#3 Bombo_Kwetu

Assalaam aleikum. Methali hii ina mizizi ya dini, watu wengi hawajui. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba ugeni ni siku tatu, na takrima yake kubwa ni ule usiku na mchana wa kwanza. Baada ya siku tatu kile unachompa mgeni kinahesabiwa sadaka. Na mgeni naye amekatazwa kukaa mpaka amtie mwenyeji wake dhiki. Watu wa pwani walikuwa Waislamu, ndiyo maana methali yao inahesabu siku.

Kwa hiyo si ya kukaribisha wala ya kufukuza, ni mpaka. Inamlinda mwenye nyumba na inamlinda mgeni asiwe ombaomba bila kujua.

#4 Nyungunyungu (Ntungamo)

Mimi naona tofauti. Hii ni methali ya watu wa jembe, mfugaji hawezi kuitunga. Kwetu Ankole mgeni alipofika alipewa maziwa, na pasipo na maziwa, obushera, kinywaji chetu cha nafaka. Hakuna aliyemhesabia siku. Nyumbani kwa babu yangu walikuja watu wakakaa misimu miwili ya mvua, na sikumbuki kusikia neno hata moja.

Mkulima anahesabu kwa sababu chakula chake kina kipimo. Kimeshavunwa, kiko ghalani, kila mdomo unaoongezeka unakipunguza. Ng'ombe wewe kesho utamkamua tena.

#5 DerevaWaTrela

@Nyungunyungu hao wa misimu miwili hawakuchunga ng'ombe? Walikaa tu wakinywa maziwa?

#6 Nyungunyungu

Walichunga. Lakini hakuna aliyewapa fimbo. Walijichukulia wenyewe.

#7 MwalimuMstaafu (Masaka)

Ndugu Nyungunyungu, hapo umegusa jambo ambalo Mwalimu Nyerere aliligusa mwaka 1962 alipoandika juu ya ujamaa. Aliitumia methali hii hii kuonyesha kwamba zamani hapakuwa na mtu wa kukaa bure akinyonya jasho la wengine. Lakini aliongeza jambo ambalo watu wanalisahau: kwa kweli mgeni mwenyewe aliomba jembe kabla hata ya siku ya tatu kufika, maana alijua linalotazamiwa kwake na angeona aibu kukaa.

Basi aibu ya kukaa bure ilikuwa ya mgeni. Mwenyeji hakuwa na haja ya kuisema.

Nilifundisha Kiswahili miaka mingi katika nchi ambayo watoto waliambiwa na wazazi wao kuwa hii ni lugha ya askari na wezi. Nafurahi sana kuona uzi kama huu.

#8 Kabalagala256

Kumbe ni methali ya Nyerere! Sikujua.

#9 MwalimuMstaafu

Hapana ndugu yangu. Nyerere aliikuta. Aliirithi kama sisi tulivyoirithi, akaitolea mfano.

#10 BintiMvita (Jinja)

Jamani, mnabishana juu ya siku ya tatu, na kwa bibi yangu jembe lilikuwa siku ya NNE.

Bibi alitoka Mombasa, akaolewa Jinja wakati reli bado inaleta watu. Alikuwa na wimbo wa zamani wa pwani unaohesabu siku za mgeni moja baada ya nyingine. Siku ya kwanza mgeni anapewa wali na samaki. Ya pili, maziwa na samli. Ya tatu nyumbani hamna kitu, vimebaki vibaba vitatu tu, lakini unapika mnakula pamoja. Ndipo siku ya nne anapewa jembe akalime, na akirudi muagane. Unaendelea hivyo, ubaya unazidi kila siku, mpaka siku ya kumi anatolewa kwa mateke na magumi.

Kwa wanaouliza kibaba ni nini: ni kipimo cha zamani cha nafaka, vinne vinafanya pishi moja. Vibaba vitatu havifikii hata pishi. Nyumba imebakiwa na chakula pungufu ya pishi, na bado mwenyeji anampikia mgeni! Mimi hapo ndipo ninapoona moyo wa wimbo wote, na methali fupi imeukata. Inaruka kutoka ukarimu mpaka jembe, ile siku ya njaa ya pamoja haimo.

Na MamaMitumba naye siku ya kwanza alipika wali na samaki. Bibi angefurahi.

#11 DerevaWaTrela

Siku ya kumi nimeipenda. Naomba wimbo mzima, nina shemeji yuko siku ya arobaini.

#12 BintiMvita

@DerevaWaTrela shemeji akiusoma huu uzi utamjibu nini? 😀 Siku ya tano mpaka ya tisa zimenipotea. Nitampigia mama.

#13 MtotoWaYumbe

Nimesoma kimya toka mwanzo, sasa niseme.

Wazazi wangu ni Waaringa wa Yumbe. Amin alipoanguka mwaka 1979, na vita vilipoingia West Nile mwaka uliofuata, watu wetu walikimbia kwa maelfu, wengine Sudan, wengine Zaire. Mama yangu alivuka kwenda Zaire na watoto wawili mgongoni na mkononi, mimi sijazaliwa. Walipokelewa na familia ambayo hawakuwahi kuiona. Mama anasema walilala siku kadhaa kwenye jiko la yule mzee, wakila muhogo wake. Halafu asubuhi moja yule mzee akamwita, akampa jembe.

Mama alilia. Alidhani ndiyo mwisho. Yule mzee hakusema methali yoyote. Alimshika mkono akatembea naye mpaka kwenye kijito, akamwonyesha mti, akamwonyesha jiwe, akamwambia: kuanzia hapa mpaka pale ni pako, panda unachotaka. Wale watu walikuwa maskini kama sisi. Mama alilima pale miaka sita. Dada yangu alizaliwa pale na amepewa jina la mke wa yule mzee.

Kwa hiyo, MamaMitumba, mimi nikisikia hii methali sijiulizi juu ya jembe. Najiuliza, shamba liko wapi? Jembe likija na shamba, umemfanya mtu mwenyeji. Likija peke yake, umempa fimbo ya kutembelea aende zake.

Na wewe ulikuwa umemtafutia kazi. Shamba lilikuwepo. Labda ulitanguliza jembe, shamba likafuata nyuma.

#14 MamaMitumba

@MtotoWaYumbe nimelia sokoni wateja wakiniangalia. Asante. Mpelekee mama salamu zangu.

#15 Kabalagala256

Na sasa Yumbe ndiyo inapokea wageni. Bidibidi, kambi ya kwanza kabisa ya wakimbizi Uganda.

#16 Isingiro_Nakivale

@Kabalagala256 si ya kwanza. Bidibidi ilifunguliwa 2016 wakati wa vita vya Sudan Kusini. Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, Wanyarwanda walipokuwa wanakimbia. Mimi nimekulia hapa, nilikuja na wazazi kutoka Kivu nikiwa na miaka minne.

Na tena usiite kambi. Ni makazi, na tofauti yake ndiyo methali yenyewe. Kambini unakaa unangoja mgao. Hapa Uganda, ukipokelewa na watu wa Ofisi ya Waziri Mkuu, unapimiwa kiwanja, na kwenye vitu unavyopewa kuna blanketi, sufuria, mtungi wa maji, panga, na JEMBE. Jembe la kweli, mpini na chuma. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inakuruhusu kufanya kazi na kutembea. Nchi hii ina wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, hakuna nchi ya Afrika yenye wengi kuliko sisi. Hapa Nakivale methali hii ndiyo utaratibu wa serikali.

Lakini @MtotoWaYumbe amesema kweli juu ya shamba. Baba yangu alipimiwa eneo ambalo tulivuna mahindi na maharagwe, tukauza. Wanaokuja siku hizi wanapata padogo sana. Bidibidi wengi walipewa mita 30 kwa 30, ujenge nyumba, choo, jiko, kisha ulime kilichobaki. Jembe ni lile lile, shamba limesinyaa. Na mgao wa chakula nao umepunguzwa. Ndiyo maana watu wanaiacha ardhi wanakwenda Kampala kulala kwenye mikeka ya ndugu zao, kama huyo kijana.

#17 Kabalagala256

Nimesahihishwa mara mbili leo. Nimepokea.

#18 Nyungunyungu

@Isingiro_Nakivale na wenyeji wa hapo Isingiro ukiwauliza, watakwambia jembe mlilopewa linalima malisho ya ng'ombe wao. Sisemi kwa ubaya. Mjomba wangu yuko huko na jambo hilo linamuuma. Anayetoa ardhi mara nyingi siye anayeikosa.

#19 Isingiro_Nakivale

Kweli, na sitalikana. Na tuna majirani ambao miaka yote hii hawajawahi kutunyima maji. Yote mawili yapo.

#20 Rolex_Mbili_Mayai (Wandegeya)

Mnazungumza kama wote tuna mashamba. Hapa Kampala jembe ni nini? Mimi nilipokuja kutoka Gulu nikafikia kwa binamu yangu, jembe langu lilikuwa sufuria. Siku ya pili tu nikaambiwa "wewe unajua kupika posho?" (ugali) Baadaye jiko la mkaa, baadaye kibanda cha chapati. Mpaka leo nakaanga rolex (chapati na mayai), na binamu yangu hula bure.

Halafu kuna jambo kwetu Acholi. Jembe, kweri, halikuwa kifaa cha kulimia tu. Babu alituambia zamani chuma kilikuwa adimu na majembe yalitolewa kama mahari. Jembe lilikuwa mali, kama ng'ombe. Sasa mtu anayempa mgeni kitu ambacho angeweza kuolea mke, huyo anamfukuza kweli?

#21 MwalimuMstaafu

Hoja nzuri, na Bunyoro nao walisifika kwa kufua majembe na kuyauza mbali. Lakini tuwe waangalifu. Methali ni ya pwani, imefika huku kwa misafara, askari na shule. Hatuwezi kuichukua maana ya jembe la Acholi tukaipandikiza kwenye methali ya watu wa Mvita na Unguja. Tunachoweza kusema ni kwamba mtu wa Gulu akiisikia, moyoni mwake inalia hivyo.

#22 Rolex_Mbili_Mayai

Basi Mwalimu, methali ikishavuka mpaka si imekuwa mgeni kwetu? Na sisi tumeipa jembe. Inalima huku sasa.

#23 MwalimuMstaafu

Umenishinda hapo, mwanangu. Na Kiswahili chenyewe ni hivyo hivyo. Kimekaa Uganda zaidi ya karne kikiitwa mgeni. Katiba ilirekebishwa 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Jembe limetolewa. Walimu na vitabu ndilo shamba, bado tunalingoja.

#24 Bombo_Kwetu

Kwa kuwa mmegusa nani ni mgeni, nami niseme la kwetu. Mimi ni Mnubi. Babu zetu walikuwa askari wa Emin Pasha kule kusini mwa Sudan, Lugard, yule ofisa Mwingereza, akawaleta Uganda 1891. Sisi hatukupewa jembe, tulipewa bunduki. Na mgeni aliyepewa bunduki, wenyeji hawamsahau kuwa ni mgeni. Katiba ya 1995 imetutaja katika orodha ya jamii za nchi hii zilizokuwepo tarehe 1 Februari 1926, tunashukuru. Lakini mtaani bado naulizwa kwetu ni wapi. Kwetu ni Bombo.

Narudi kwa MamaMitumba. Neno "mgeni" lenyewe ni zito. Anayelisema halioni.

#25 BintiMvita

@Bombo_Kwetu na Wahindi wa Jinja? Bibi yangu alikuwa na majirani waliozaliwa pale pale mtaani, baba zao walizaliwa pale pale. Agosti 1972 Amin akawapa siku 90 wawe wameondoka nchini. Walikuwa na majembe, tena yao yalikuwa yameshalima miwa na kujenga viwanda. Bibi alisema jirani yake alimwachia funguo za kabati na kinu cha kutwangia viungo, kinu tunacho mpaka leo. Siku hizo tisini nani alizipata kwenye methali gani?

#26 Kabalagala256

Na Wapolandi! Wakati wa Vita Kuu ya Pili waliletwa huku maelfu, wakawekwa Koja na Nyabyeya kule Masindi. Kanisa walilojenga Nyabyeya bado lipo, nimeingia ndani yake. Walilima, wakajenga, vita vikaisha, wakaondoka. (Hili nina hakika nalo, msinisahihishe mara ya tatu.)

#27 Isingiro_Nakivale

Hapo uko sawa 😀

#28 DerevaWaTrela

Tumetoka kwa kijana wa Nsambya tumefika Poland. Turudi. Mimi bado nasema mama hakukosea.

#29 MwalimuMstaafu

Nimelala nikiitafakari, na asubuhi hii nimeona kitu ambacho kwa miaka yote ya kufundisha sikukiona.

Angalieni sarufi. "Mgeni siku mbili, ya tatu MPE jembe." Mpe. Anayeambiwa ni nani? Ni mwenyeji. Mgeni hayumo katika mazungumzo, anasemwa kwa nafsi ya tatu kana kwamba yuko nje uani. Hii ni methali ya mtu mzima akimnong'oneza mwenye nyumba: usimwache mgeni wako akae bure akaumia moyo, mpe la kufanya. Haikutungwa isemwe machoni pa mgeni. Ukimwambia yeye, imegeuka. Anasikia watu wakimzungumza nyuma ya pazia, na pazia limefunguliwa.

Nimezipitia nyingine za wageni. "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hiyo inamwita mgeni mwenyewe, njoo! Anaweza kuisikia na akatabasamu. Hii ya jembe haimwiti.

#30 DerevaWaTrela

Mwalimu, kwa heshima, methali zote tunazitumia hivyo. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" nayo haimtaji mtu, lakini nimeambiwa mimi usoni nikiwa mdogo mara nyingi kuliko chai niliyokunywa.

#31 MwalimuMstaafu

Na ulijisikiaje?

#32 DerevaWaTrela

Vibaya.

#33 MwanaBeni (Kyaka II)

Mimi natoka Beni kama huyo kijana. Naomba mnisikilize, Kiswahili changu ni cha kwetu.

Sisi tunasema "mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe". Kwetu watu wanaisema wakicheka, mgeni akiwa tayari ameshika jembe mwenyewe. Si matusi. Mama mkwe wako nadhani alikasirika kwa jinsi habari ilivyomfikia, si kwa methali.

Lakini mnasahau Beni ni wapi. Tangu 2014 watu wanauawa, na wengi wanauawa shambani. Unakwenda kuvuna kakao yako, haurudi. Tumefika mahali mtu mwenye shamba zuri analala njaa mjini kwa sababu njia ya kwenda shambani ni njia ya kaburi. Mimi nilikuwa na hekta mbili za kahawa na kakao. Sijui nani anazivuna.

Ninyi mkisikia jembe mnasikia kazi, heshima, mahari. Mtoto wa Beni akisikia jembe anaweza kusikia kitu kingine kabisa. Mama, mwulize kwanza baba yake alikuwa wapi mara ya mwisho.

#34 MamaMitumba

@MwanaBeni pole sana ndugu yangu. Baba yake yuko hai, asante Mungu, lakini shamba waliliacha, na jirani yao hakurudi. Hili halikunijia kabisa kichwani.

Nimezungumza na mume wangu. Jioni hii tunakwenda Nsambya.

#35 Nyungunyungu

Nendeni polepole. Kwetu tunasema polepole ndiyo iliyomfikisha nyungunyungu kisimani. Jina langu limetoka huko.

#36 Rolex_Mbili_Mayai

Pelekeni chakula. Msifike mikono mitupu.

#37 MamaMitumba

Tumerudi. Naandika usiku huu kwa sababu mmekuwa nami siku tatu.

Tulimkuta. Mume wangu aliongea habari za nyumbani kwanza, halafu akatuacha. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia niliyoyasoma hapa, habari ya Mwalimu kwamba nilisema lisilopaswa kusemwa mbele yake, na habari ya mashamba ya Beni.

Akasema hapana, si jembe. Jembe hata yeye alikuwa analitaka, alikuwa anaona haya kuniomba nauli ya kwenda kutafuta kazi. Akasema: "Mama mdogo, uliposema MGENI. Wiki tatu nalala na wadogo zangu, naamka nawasha jiko, nampeleka mdogo shule. Mimi nilijua ni mtoto wa hapa. Kumbe nilikuwa mgeni, na mlikuwa mnahesabu."

Sikuwa na jibu. Nilimshika tu.

#38 Bombo_Kwetu

Nilisema neno "mgeni" lenyewe ni zito. Allah awaunganishe.

#39 MtotoWaYumbe

Nimemsomea mama post hii kwa Kiaringa. Alikaa kimya muda, akasema yule mzee wa Zaire naye hakuwahi kumwita mgeni. Alimwita kwa jina la mtoto wake mkubwa tangu asubuhi ya kwanza.

#40 DerevaWaTrela

Inagusa. Lakini niulize swali la kweli, sio utani. Kama ni mtoto wa nyumbani, basi alipaswa kupewa jembe siku ya KWANZA. Mtoto wa nyumbani hana hata siku mbili. Ninyi mnaosema tusimwite mgeni, mnamwondolea zile siku mbili za kupumzika?

#41 MwalimuMstaafu

Swali gumu. Labda ndiyo maana methali inaanza na "mgeni". Siku mbili ni zawadi ya ugeni, na ya tatu ugeni unakwisha. Lakini Nyungunyungu atasema vingine.

#42 Nyungunyungu

Nasema vingine. Mtoto aliyetoka safari ndefu anapumzishwa bila kuhesabiwa. Mama gani anahesabu?

#43 Isingiro_Nakivale

Mama mwenye sufuria moja anahesabu, Nyungunyungu. Anahesabu usiku, watoto wakilala. Na bado anampenda.

#44 MwanaBeni

Mimi bado naona habari ya shamba ina ukweli wake. Kijana wa miaka 19 hawezi kumwambia mama yake mdogo yote siku moja. Mpe muda.

#45 MamaMitumba

@MwanaBeni nakubali, sitamsukuma.

Usiku bado analala Nsambya, sijamlazimisha. Lakini leo alikuja Owino mwenyewe saa moja asubuhi. Alifungua marobota mawili, jirani yangu amempenda, anasema ana jicho la kuchagua nguo za watoto. Mchana alikula kwangu. Sikupika cha ugeni, ilikuwa posho na maharagwe.

#46 Rolex_Mbili_Mayai

Vizuri sana. Akipita Wandegeya aje, rolex ya kwanza juu yangu.

#47 BintiMvita

Mama kapiga simu kutoka Mombasa! Siku ya tano kaikumbuka: mgeni amekonda kama sindano na watu wa nyumbani hawaishi kumteta. Ya sita na ya saba anasema bibi aliziimba kwa sauti ya chini akitwanga, watoto wasisikie vizuri. Kuna mtu humu ana bibi wa pwani anayezijua?

#48 Kabalagala256

Nina shangazi Malindi. Kesho namuuliza.